KODI TATU ZATOSHA: MWANZO MWEMA WA KUJIFUNZA GITA

Si ajabu kuona, katika nyumba ya kupanga mjini Eldoret, gita limetundikwa ukutani wala halipigwi. Mwenyewe alilinunua kwa fedha alizozipata kwa jasho lake, akalileta nyumbani kwa furaha, akashinda nalo jioni nne au tano. Kisha vidole vikamwuma, majirani wakanung'unika, naye akasema, "Mimi sikuzaliwa na kipaji hiki." Tangu siku ile gita likawa la kukusanya vumbi. Fedha zimepotea bure, na lililo baya zaidi ni kwamba mtu amejihukumu kwa kosa lisilo lake.

Mara nyingi kosa si la vidole wala la kipaji. Kosa ni kuanza mahali pasipofaa: kushika gita lisilolinganishwa, na kutaka kupiga siku ya kwanza wimbo ambao mpigaji wake alijifunza kwa miaka. Afanyaye hivyo ni kama mtu atakaye kupanda mlima Elgoni kwa kuanzia kileleni. Iko njia nyingine iliyo nyepesi, nayo yaweza kufuatwa na kijana yeyote wa mtaa wa Pioneer mwenye robo saa ya nafasi kila jioni. Njia hiyo ni kujifunza kodi tatu tu, na kuzijua vema.

KODI NI NINI?

Neno hili lisimtishe msomaji. Hapa si ile kodi ambayo mwenye nyumba huijia mwisho wa mwezi, wala si ile itozwayo na serikali. Wapigaji wa gita huita kodi zile sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja kwa wakati mmoja na kupatana, kama vile waimbaji wa kwaya wanavyoimba sauti mbalimbali na wimbo ukawa mmoja. Katika kwaya sauti hizo hutoka katika vinywa vya watu wengi. Katika gita hutoka katika nyuzi sita, na mpigaji ni mmoja.

Kila aliyepita katika kwaya ya shule au ya kanisa amepata kusikia sauti saba zinazopandana kama ngazi: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha hurudi do iliyo juu zaidi. Basi, kodi ya kwanza hufanywa kwa do, mi na so. Kodi ya pili hufanywa kwa fa, la na do. Kodi ya tatu hufanywa kwa so, ti na re. Msomaji na azihesabu mwenyewe: katika kodi hizo tatu zimo do, re, mi, fa, so, la na ti, yaani sauti zote saba bila kubaki hata moja.

Hii ndiyo siri ya kodi tatu. Wimbo mwepesi ukipanda au ukishuka katika ngazi hiyo, kila sauti yake ina kodi ya kuipokea, kama mgeni afikaye katika kijiji na kukuta kila nyumba ina mlango wazi. Ndiyo sababu nyimbo nyingi sana za kanisani, za shuleni, za harusini na za dansi husimama juu ya kodi hizo tatu tu. Hata nyimbo za kienyeji zitumiazo sauti tano badala ya saba mara nyingi hupata nafasi ndani yake. Hata hivyo vinanda vya wazee havikulinganishwa kwa kipimo cha gita, na zipo nyimbo zisizokubali kodi hizi. Hapo sikio ndilo hakimu, wala wimbo usilazimishwe.

WALIOTANGULIA

Watu wa sehemu hizi hawakuanza jana kupendezwa na gita. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko alinasa wimbo wa wasichana ulioimbwa kwa kinanda cha nyuzi, wenye kumtaja mmoja aitwaye Chemirocha, ambaye nusu yake ni mtu na nusu yake ni paa. Jina hilo lilikuwa limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake na gita lake zilikuwa zimewafikia watu wa huko kwa njia ya santuri. Watu walimsikia, wakastaajabu, wakamfanya kiumbe cha hadithi. Lakini nyingi katika nyimbo za mtu huyo aliyewastaajabisha zilisimama juu ya kodi tatu tu.

Mwaka 1952 Tracey huyo huyo alimkuta Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, huko Katanga. Mwenda alipiga gita kavu, yaani lisilotumia umeme, kwa vidole viwili: gumba lilishika nyuzi nene, na kidole cha shahada kikacheza juu ya nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Baadaye Mwenda alifika Nairobi, na mapigo yake yakaigwa na vijana wengi wa Kenya. Katika nchi ya Waluhya, si mbali na Eldoret, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alijulikana sana kwa mapigo yaitwayo omutibo, ambayo gita huendeshwa pamoja na mlio wa chupa ya soda.

Wapigaji hao walikuwa mafundi wakubwa, na vidole vyao vilifanya mengi yasiyoelezeka katika ukurasa mmoja. Lakini chini ya mapambo yote hayo kulikuwa na msingi, na msingi wenyewe ni kodi chache zilizoshikwa sawasawa na wakati usioyumba. Ajengaye huanza na msingi.

KWANZA LINGANISHA NYUZI

Gita lisilolinganishwa haliwezi kutoa sauti tamu hata likishikwa na fundi. Wanafunzi wengi hukata tamaa kwa sababu hii tu: vidole vimekaa mahali pake, lakini sauti ni chungu, nao hudhani wamekosa wao.

Nyuzi huhesabiwa kutoka ule mwembamba kuliko zote, ambao ndio wa kwanza na hukaa chini karibu na magoti ya mpigaji, hata ule mnene kuliko zote, ambao ndio wa sita na hukaa juu karibu na kidevu chake. Kuanzia uzi wa sita, sauti zake huitwa E, A, D, G, B, na E nyembamba. Vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni hugawa shingo katika vyumba; chumba cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa cha gita.

Siku hizi aliye na simu ya mkononi aweza kupata programu inayosikiliza kila uzi na kumwonyesha kama umelegea au umekazwa mno. Asiye nayo atumie njia ya zamani. Apate sauti ya uzi wa sita kutoka kwa kinanda au kwa gita la mwenzake. Kisha aubane uzi huo katika chumba cha tano. Sauti atakayoisikia ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Uzi wa tano ukibanwa katika chumba cha tano hutoa sauti ya uzi wa nne, na wa nne vivyo hivyo hutoa ya uzi wa tatu. Uzi wa tatu hubanwa katika chumba cha nne ili kupata sauti ya uzi wa pili. Mwisho, uzi wa pili hubanwa katika chumba cha tano ili kupata sauti ya uzi wa kwanza. Kazi hii yapasa kufanywa kila siku kabla ya kupiga, kama mpishi anavyoosha chungu kabla ya kukiinjika.

VIDOLE VIWILI VISIVYOHAMA

Mkono wa kushoto ndio ubanao nyuzi. Ncha ya kidole na ikae nyuma tu ya chuma, si juu yake wala si mbali nacho. Hapo uzi hulia safi kwa nguvu ndogo. Gumba likae nyuma ya shingo, na kiganja kisiibane shingo kama mtu ashikaye jembe.

Kwa zoezi la siku ya kwanza, mwanafunzi na aweke kidole cha shahada juu ya uzi wa tano katika chumba cha pili, na kidole cha kati juu ya uzi wa nne katika chumba hicho hicho. Nyuzi nyingine zibaki wazi, na zote sita zipigwe. Hiyo ni kodi ya E ndogo, yenye sauti ya upole na huzuni kidogo. Hakuna iliyo nyepesi kuliko hiyo, nayo humpa mtu moyo, maana jioni ile ile ya kwanza amepata kusikia jambo zuri likitoka mikononi mwake.

Sasa zije zile kodi tatu. Vitabu vingi hufundisha kila moja kwa namna yake, hata mwanafunzi hulazimika kuinua vidole vyote na kuvitua upya kila mara, na wimbo hukatika katikati. Njia nyepesi ni kuviacha vidole viwili mahali pamoja. Kidole cha pete na kikae juu ya uzi wa pili katika chumba cha tatu, na kidole cha mwisho kikae juu ya uzi wa kwanza, katika chumba cha tatu pia. Hivi viwili ni kama nguzo za nyumba.

Kodi ya G, iliyo ya kwanza: nguzo zikiwa mahali pake, kidole cha kati kibane uzi wa sita katika chumba cha tatu, na kidole cha shahada kibane uzi wa tano katika chumba cha pili. Nyuzi zote sita zipigwe.

Kodi ya C, iliyo ya pili: nguzo zisiondoke. Kidole cha kati kishuke kutoka uzi wa sita hadi uzi wa tano, na kidole cha shahada kishuke kutoka uzi wa tano hadi uzi wa nne. Vyumba ni vile vile. Uzi wa sita usipigwe. Hii si C tupu, kwa maana ndani yake imeongezwa so, lakini nyongeza hiyo ndiyo iletayo utamu.

Kodi ya D, iliyo ya tatu: kidole cha pete kisiondoke. Kidole cha mwisho kiinuliwe, na mahali pake kidole cha kati kibane uzi wa kwanza katika chumba cha pili. Kidole cha shahada kibane uzi wa tatu katika chumba cha pili. Uzi wa nne ubaki wazi. Wa tano na wa sita zisipigwe.

Hapa G ndiyo do. Nguzo zile mbili ni so na do, nazo hulia katika kodi ya kwanza na ya pili bila kukoma, na so hubaki hata katika ya tatu. Kwa hiyo sikio la msikilizaji halitupwi huku na huku, bali husafiri likiwa limeshikwa mkono. Ndiyo sababu kodi hizi hupendeza hata zikipigwa na mtu ambaye ameanza juzi.

KUHAMA KWA WAKATI

Kushika kodi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kusimamisha wimbo. Mwanafunzi na atazame saa, ahame kutoka G hadi C na kurudi kwa muda wa dakika moja, huku akihesabu. Jioni ya kwanza huenda atahama mara nane tu. Asione haya, bali aandike hesabu hiyo mahali, na kesho ajaribu kuipita. Afikapo mara thelathini kwa dakika, na kila uzi ukilia safi, aweza kuimba juu yake.

Kisha apige kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, akishusha mkono wa kulia mara moja kwa kila hesabu: G mara nne, C mara nne, G mara nne, D mara nne, na kurudi G. Aanze polepole sana. Afadhali mwendo wa kobe usiokatika kuliko mwendo wa sungura anayesimama kila njia panda.

Hapa desturi ya wapigaji wa omutibo yafaa kuigwa. Mwenzake au mdogo wake na akae kando na chupa tupu ya soda, aigonge kwa kijiti au kwa msumari kwa mapigo yaliyo sawa. Chupa haimsubiri aliyechelewa, na kwa hiyo humfundisha mpigaji kufika kwa wakati. Tena mtoto agongaye chupa leo, kesho ataomba gita.

WIMBO WA KWANZA

Mwanafunzi na achague wimbo aujuao tangu utoto, usio na maneno mengi. Aanze na G, kwa maana hiyo ndiyo nyumbani. Aimbe akiipiga hiyo tu, mpaka asikie sauti yake na gita vinagombana. Hapo ajaribu C. Ugomvi usipokwisha, ajaribu D. Kodi ya D ina tabia ya kutaka kurudi nyumbani, na mara nyingi wimbo ukaribiapo mwisho hupita D na kutua G. Baada ya nyimbo tatu au nne sikio litaanza kujua lenyewe kabla ya vidole.

Kama wimbo uko chini mno kwa sauti yake, hana haja ya kujifunza kodi nyingine. Afunge penseli kwa raba kukingama shingo ili ibane nyuzi zote katika chumba cha pili, kisha apige kodi zile zile kana kwamba shingo inaanzia hapo. Sauti yote itapanda.

MAUMIVU, NA UTUNZAJI

Yafaa mtu aambiwe mapema kwamba ncha za vidole zitamwuma. Maumivu hayo si dalili ya kushindwa. Katika majuma mawili hadi manne ngozi hukomaa na maumivu hupungua. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu vidole hukomaa na kukumbuka kwa kurudiarudia. Ngozi ikipasuka, apumzike mpaka ipone.

Anunuaye gita na atazame kwanza umbali wa nyuzi na shingo. Zikiwa juu sana, vidole vitateswa bure, hata rangi ya gita iking'aa namna gani. Gita la nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa anayeanza. Lakini gita lililoundwa kwa nailoni lisitiwe nyuzi za chuma, maana mvuto wake ni mkubwa, nao waweza kupinda shingo au kung'oa ubao.

Eldoret iko juu, kama meta 2,100 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya mvua na miezi ya ukavu hutofautiana sana. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kwa hiyo gita lisiwekwe karibu na jiko, wala juani, wala juu ya kabati chini ya bati ambapo joto la mchana hukusanyika. Mfuko wake, hata wa kitambaa, ni kinga njema.

Mwisho ni juu ya majirani. Nyumba za mjini zina kuta za pamoja, na mwanafunzi wa gita hurudia jambo moja mara mia. Apige saa za jioni ambazo watu hawajalala, na apige kwa ncha ya gumba badala ya kukwaruza kwa nguvu. Jirani aliyeheshimiwa mwezi wa kwanza ndiye atakayekuja mwezi wa tatu kusikiliza.

Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, imekusanya watu wa makabila mengi, na kila mmoja amekuja na nyimbo za kwao. Nyimbo za bibi na babu hazimo madukani. Hubaki hai tu zikiwa na mtu wa kuziimba na chombo cha kuzibeba. Kijana wa Pioneer ajuaye kodi tatu aweza kukaa na bibi yake, akamwomba aimbe, akamfuata polepole kwa G, C na D mpaka wimbo upate njia. Hilo haliwezekani kwa gita lililo ukutani. Na lishushwe leo, lipanguswe vumbi, lilinganishwe. Vidole viwili vitiwe mahali pake, na kazi ianze.